Maneno na Watu: Siku ya Kwanza

Msemaji wa Kiswahili hashangai kusikia siku ikiitwa kwa hesabu. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu: tunahesabu tu. Kwa hiyo tulifurahi kukuta kwamba Wakweka, wanaojiita Marafiki, waliohamia Pennsylvania baada ya William Penn kupewa koloni hilo mwaka 1681, walifanya vivyo hivyo. Hawakutaka majina ya miungu ya kale katika kalenda yao, wakasema Siku ya Kwanza, Siku ya Pili, Mwezi wa Tatu. Tahadhari kwa wanaosoma historia: Siku yao ya Kwanza ndiyo Jumapili yetu, na kabla ya 1752 Mwezi wao wa Kwanza ulikuwa Machi.

Siku hiyo familia nzima ilikwenda kwenye nyumba ya mkutano. Ndani hamkuwa na madhabahu, mimbari wala kinanda. Wanaume walikaa upande mmja na wanawake upande wa pili, wazee kwenye mabenchi yaliyowaelekea wengine, na watoto nao wamo, wote kimya. Padri hakuwapo. Aliyesukumwa na Roho alisimama akasema, mwanamume au mwanamke. Asipotokea mtu, wazee walishikana mikono na ibada ikaisha bila neno. Wenzetu ambao kwao ni magharibi mwa Kenya hawakuamini kwamba hawa ni Marafiki wale wale. Kaimosi, walikofika wamisionari Wakweka kutoka Marekani mwaka 1902, kuna wachungaji na nyimbo, maana wamisionari hao walitoka katika tawi lililokwisha kuuacha ule ukimya.

Hata harusi ilikuwa hivyo. Wachumba walitangaza nia yao mkutanoni, wakachunguzwa kama wako huru kuoana, kisha siku ikifika walisimama wenyewe wakaahidiana, na waliohudhuria wakatia sahihi cheti. Aliyeoa nje ya Marafiki aliweza kutengwa. (Wazazi wetu wangeelewana nao hapo.)

Kilichotugawanya klabuni ni lugha. Kiingereza cha siku zile kilikuwa na "wewe" ya kawaida, na "ninyi" ya heshima kwa mtu mmoja. Waliokulia katika Kifaransa wanaijua habari hiyo. Wakweka waliitumia ile ya kawaida kwa wote, hata kwa baba na hakimu, na hawakumvulia mtu kofia. Nusu yetu tulisema huo ni utovu wa adabu: nyumbani hatuingii bila shikamoo. Nusu nyingine ikauliza kama heshima lazima ianze kwa mmoja kuinama.

Lakini "wewe" hiyo hiyo aliambiwa pia mtumwa jikoni, kwa maana Wakweka wengi, Penn akiwamo, walimiliki watu. Mwaka 1688 Marafiki wanne wa Germantown waliandika kuupinga utumwa. Mikutano ya juu ikaiweka barua yao kando. Benjamin Lay, mtu mfupi mwenye kibiongo aliyeishi pangoni karibu na Abington, hakukubali kuwekwa kando. Mwaka 1738 alikwenda kwenye mkutano mkuu na kitabu alichokificha ndani yake kibofu cha maji mekundu ya matunda, akakichoma upanga, yakawarukia waliokaa karibu kama damu. Walimtoa nje. Inasimuliwa pia kwamba alimweka kwake kutwa nzima mtoto wa jirani mwenye watumwa. Wazazi walipokuja wakihangaika, aliwaambia mtoto yupo salama, kisha akawauliza kuhusu wazazi wa yule binti waliyemnunua.

Mwaka 1758 mkutano mkuu wa Philadelphia uliamua kuwazuia wanunuzi na wauzaji wa watu kushiriki katika shughuli zake. Lay alifariki mwaka uliofuata. Kumiliki kwenyewe kulikatazwa 1776, miaka 88 baada ya barua ya Germantown.