Baada ya kitabu cha shule, mzazi anunue kipi?

Shule zinapofunguliwa Januari, pita kwenye gulio lolote uangalie vitabu vinavyouzwa kando ya sare na madaftari. Vingi vina jalada la watoto wanaotabasamu, lakini ndani ni maswali ya mitihani iliyopita kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na majibu yamepangwa nyuma. Mzazi hukinunua kwa moyo safi kabisa. Mtoto hukifungua siku mbili, siku ya tatu kinafunikia ndoo ya maji.

Mtoto huyohuyo jioni atakuuliza kwa nini mwezi unatufuata tukitembea, au kwa nini ng'ombe hutafuna hata asipokuwa malishoni. Kiu anayo, ila kitabu alichopewa hakigusi hata moja kati ya maswali yake.

Tuanze na mahali fedha inapopita. Elimu bila ada ilipoanza Tanzania mwaka 2016, ruzuku ya kila mwanafunzi wa shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Kati ya hizo, asilimia 40 ilibaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu. Vitabu hivyo ni vya kiada, yaani vile vya somo, na siku hizi vinaandikwa na kuchapishwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, TET. Kwa hiyo kitabu cha kwanza cha mtoto ni jukumu la serikali, hata kama darasani watoto wanne wanakigombania kimoja. Cha pili, kile cha kusoma kwa sababu mtu anataka kujua, kimebaki kwa mzazi na kwa wafadhili.

Na soko halimsaidii mzazi huyo. Muuza duka huweka kinachotoka haraka, na hakuna kinachotoka haraka kama hofu ya mtihani wa darasa la nne na la saba. Mchapishaji naye anajua kwamba kitabu cha hadithi au cha sayansi ya watoto hununuliwa kimojakimoja. Ndiyo maana mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania. Njia yake ilikuwa rahisi: mchapishaji akitoa kitabu kizuri cha Kiswahili, mradi hununua sehemu ya nakala na kuzipeleka shule za vijijini, ili asipate hasara. Vitabu vingi vya hadithi ambavyo wazazi wa leo walivisoma utotoni vilipita njia hiyo. Lakini mradi mmoja hauwezi kuwa soko la nchi nzima.

Matokeo tuliyaona mapema. Utafiti wa Uwezo, uliopita nyumba kwa nyumba mwaka 2010, ulionyesha kwamba ni takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Baadaye serikali ilileta mkazo wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Hata hivyo mtoto hajifunzi kusoma kwa kufundishwa herufi peke yake. Anahitaji kitu anachotamani kukisoma, na maswali 40 ya kuchagua jibu sahihi si kitu cha kutamanisha mtu.

Kuna sababu nyingine ya kuviangalia vijitabu vya mitihani kwa jicho kali sasa hivi. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na la tatu, na unapanda darasa hadi darasa. Umeleta masomo mapya, kama Historia ya Tanzania na Maadili. Vijitabu vya mtaala wa zamani havijaondoka madukani, na muuzaji hatakwambia. Ukiona jalada limeandikwa Maarifa ya Jamii au Uraia na Maadili, muulize kwanza mwalimu wa mtoto kama darasa lake bado linasoma somo hilo. Usipouliza, unaweza kununua majibu ya mtihani ambao mwanao hataufanya.

Sasa, ukiwa dukani na una fedha ya kitabu kimoja tu, utachaguaje?

Kama inawezekana, nenda na mtoto mwenyewe. Mfungulie ukurasa wa katikati, maana ukurasa wa kwanza huwa mwepesi. Mwambie asome kwa sauti na akunje kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vitano vikikunjika kabla ukurasa haujaisha, kitabu ni kigumu kwake kwa sasa. Kisipokunjika hata kimoja, kitamchosha mapema. Viwili au vitatu ni pazuri. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kufanya hivi, kwa sababu kazi yake ni kuhesabu vidole na kusikiliza kama mtoto anasoma mfululizo au anakwamakwama.

Jaribio la pili ni lako, na hapa mkulima au mvuvi anamshinda hata mtu wa mjini mwenye vyeti. Tafuta kwenye kitabu jambo unalolijua kwa mikono yako: mahindi, mihogo, kuku, nyuki, ziwa. Angalia wameliandikaje na wamelichoraje. Kama mwandishi amekosea kuhusu kitu unachokiona kila siku, utamwaminije anapoeleza nyota au moyo wa binadamu? Chukua mbu. Kitabu kizuri kuhusu malaria hakitachora mdudu yeyote mwenye mabawa. Kitaonyesha kwamba mbu anofelesi, anayeeneza malaria, hutua akiwa ameinua sehemu ya nyuma juu, kama mtu aliyeinama kuchota maji, na kitasema kwamba anayeuma ni jike peke yake. Mtoto akisoma hivyo jioni atachukua tochi aende ukutani kutazama. Hapo amekwisha kuanza sayansi, na hakuna aliyemwambia ni somo.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoipa uzito kuliko rangi za jalada: je, kitabu kinamwachia mtoto kitu cha kufanya? Kimwambie aweke mbegu ya maharage kwenye kikombe chenye pamba yenye unyevu, achore mzizi kila siku. Kimwambie asimamishe kijiti uani na kuweka alama ya kivuli asubuhi, mchana na jioni. Vifaa viwe vile vinavyopatikana nyumbani. Vipo vitabu vizuri kutoka Ulaya vinavyotaka friji, sumaku na tanuri la umeme. Mtoto wa kijiji kisicho na umeme atasoma kuhusu watoto wengine wakifurahia, basi.

Kwenye lugha, wazazi wengi hudhani kitabu cha Kiingereza kina elimu zaidi. Hofu yao ina msingi, kwa kuwa sekondari za Tanzania hufundisha kwa Kiingereza, na watoto wengi huanguka pale kidato cha kwanza. Lakini mtoto wa miaka tisa anayetaka kujua mvua inatoka wapi anahitaji jibu atakalolielewa leo. Kwa maoni yangu, kitabu cha kueleza mambo kiwe cha Kiswahili. Kama unataka kumjengea Kiingereza, mnunulie hadithi nyepesi yenye picha nyingi na maneno machache. Kitabu kimoja kikibebeshwa kazi zote mbili, mara nyingi hakitimizi hata moja.

Je, maadili? Swali hili lilipamba moto Februari 2023, pale Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alipopiga marufuku vitabu 16 shuleni, vikiwemo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume na mila na desturi za Watanzania. Mzazi ana haki ya kujua mwanawe anasoma nini, na vitabu vingi vilivyopata ithibati ya serikali huionyesha kwenye kurasa za mwanzo. Ila orodha ya vilivyokatazwa ilisambaa kwa simu ndani ya siku moja. Orodha ya vinavyofaa, yenye bei na mahali pa kuvipata, haijawahi kusambaa kwa kasi ile. Mzazi wa kijijini anahitaji zaidi hii ya pili.

Simu uliyoishika inaweza kupunguza pengo hilo. TET ina maktaba mtandao ambako vitabu vya kiada husomwa bila malipo. African Storybook, mradi wa taasisi ya elimu ya Saide ya Afrika Kusini uliofungua tovuti yake mwaka 2014, una hadithi nyingi za Kiswahili zilizopangwa kwa viwango, kuanzia za maneno machache hadi za aya ndefu, nazo ni bure. StoryWeaver ya India, iliyoanzishwa na Pratham Books mwaka 2015, nayo ina vya Kiswahili, vikiwemo vya sayansi. Pakua ukiwa mjini au penye mtandao mzuri, halafu mtasoma nyumbani bila kula bando. Kisome wewe kwanza: baadhi vimetafsiriwa na watu wa kujitolea na Kiswahili chake kinapindapinda.

Kabla ya kutoa fedha, hata hivyo, ulizia shuleni. Shule nyingi zimewahi kupokea vitabu vya hadithi kutoka miradi mbalimbali, na vingi vimo kwenye kabati la ofisi ya mwalimu mkuu, vimefungwa kwa kufuli visichanike. Mwalimu hana ubaya. Anajua siku ya ukaguzi ataulizwa idadi ya vitabu, hataulizwa ni watoto wangapi wamevisoma. Kamati ya shule inaweza kubadilisha hilo katika kikao kimoja: daftari la kuazima, wanafunzi wawili wa darasa la sita wa kuliandika, siku moja ya wiki kabati kufunguliwa, na maandishi kwenye muhtasari kwamba kitabu kikichakaa kwa kusomwa, mwalimu hatadaiwa.