Anayesema "inaboa" hajasema kitu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Tangu Serikali ianze kuhamia hapa Dodoma mwaka 2016, nawasikia watumishi wengi wakilalamika, "Mji huu unaboa." Sasa hata watoto wa Kigogo waliozaliwa Chamwino na Kongwa wamelidaka neno hilo.

Limetokana na neno la Kiingereza "bore", ambalo lilianza kuandikwa kwa maana ya kuchosha katika karne ya 18. Lilikotoka, Waingereza wenyewe hawajakubaliana. Wapo wanaolihusisha na neno jingine la sura hiyo hiyo, lenye maana ya kutoboa. Kama ni hivyo basi Dodoma inaboa kweli, maana maji mengi tunayokunywa mjini hutoka katika visima virefu vya Makutupora!

Lakini Kiswahili hatukupungukiwa. Mchuzi usio na chumvi ni chapwa. Hotuba ndefu inachosha. Biashara isiyo na wateja imedorora, na mtaa usio na pilikapilika umepooza. Mtu akiniambia mtaa wake umepooza nina la kumjibu: aende soko la Majengo asubuhi. Akisema vumbi la kiangazi linamchosha, namwelewa, hata mimi linanichosha. Ila huyu anayesema "inaboa" hata diwani wake hawezi kumsaidia, kwani haijulikani kama anadai taa za barabarani, uwanja wa mpira au rafiki.

Mpenda Kiswahili,
Dodoma.