Vitabu vya Kirusi mikononi mwa watoto wetu

Wapo katika jamaa zetu wanaokusanya vitabu vya zamani vya mashairi ya watoto, vilivyotungwa kwa Kirusi kisha vikafasiriwa. Ni vijitabu vyembamba vyenye michoro mikubwa, na kwa hewa yetu ya pwani pini zake hushika kutu upesi. Wazazi wametuuliza iwapo inafaa kuviweka nyumbani. Twaona kila kitabu kina hukumu yake, na mfano mzuri ni tungo za Korney Chukovsky.

Moidodyr, kilichotoka mwaka 1923 kwa michoro ya Yuri Annenkov, chamhusu mtoto mchafu ambaye shuka na mto wake vinamkimbia. Beseni la kunawia lajitokeza kumkaripia, na dodoki lamfukuza barabarani mpaka mamba alimezapo. Mzazi anayemhimiza mwanawe twahara atapata hapa msaidizi kutoka mbali. Kitabu hakiuhusishi usafi na ibada ya Mwenyezi Mungu. Hilo ni letu kulikamilisha. Ama picha za viumbe, wanazuoni wamekhitalifiana, na waliolegeza kwa watoto hutegemea hadithi ya Bibi Aisha (radhi za Allah ziwe juu yake) na wanasesere wake. Hatutaingia humo leo.

Ugumu uko katika Barmaley cha mwaka 1925. Humo watoto wawili wanaonywa wasithubutu kuja Afrika kwa kuwa kuna papa, sokwe na mamba. Wanakuja, na wanamkuta mnyang'anyi alaye watoto. Mtoto wetu akikuta bara lake limefanywa kitisho cha kuwatuliza watoto wa wenzake, atauliza yeye amewekwa wapi katika kisa hicho. Swali hilo asiachwe nalo peke yake.

Mtunzi huyohuyo ndiye aliyeandika Aybolit. Humo kiboko anampelekea tabibu simu ya maandishi aje kuwatibu wanyama wagonjwa wa Afrika, naye anasafiri kwa msaada wa mbwamwitu, nyangumi na tai, kisha anawahudumia siku kumi bila kulala. Miongoni mwa makazi anayoyataja kiboko ni Zanzibar. Watoto wa Unguja wana haki ya kucheka, kwani kiboko hawamjui kisiwani kwao.

Mwenye nakala adimu ya Barmaley asiichane. Aiweke rafu ya juu mpaka mtoto afikie umri wa kubishana nayo, na siku hiyo aketi naye waisome pamoja.