Ukurasa wa Lugha: Neno "Kuliko" na Mitihani ya Kiingereza

Juma hili napenda tutazame swali moja dogo ambalo limewakwaza watahiniwa wengi, wa shule na wa kazi, hapa Kisiwani Mvita na kwingineko. Huandikwa sentensi ya Kiingereza yenye pengo, na chini yake majibu manne, A mpaka D, ambayo moja tu ndilo la haki. Tuseme sentensi ni hii: "Fort Jesus is ____ Nairobi." Majibu ni A, "old than", B, "more older than", C, "older than", D, "older to".

Maana yake haimshindi mtoto wa Mji wa Kale. Wareno walianza kuijenga ngome ile mwaka 1593, na Nairobi ilianza kama kituo cha reli mwaka 1899; tofauti ni miaka 306. Kila apitapo Ngomeni mtoto huyo huona kwa macho yake kipi ni cha kale. Kinachomshinda ni umbo la maneno. Basi ikipotea alama moja hapa na nyingine pale, hupotea nafasi ya shule, au kazi aliyoitumainia baba yake. Mtihani wa KCPE, uliofanywa tangu mwaka 1985 hata mwaka 2023, uliwazoesha watoto wetu maswali ya namna hii. Mtihani ule umekwisha, lakini maswali yake hayakwisha nao: yangali katika vitabu vya mazoezi, na waombao kazi hukutana nayo pia.

Wako wazee wasemao kwamba dawa ni kumkataza mtoto Kiswahili hata akizoee Kiingereza. Zimekuwako shule zilizomvisha mtoto kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya kwao. Mimi naona njia hiyo haifai, na sababu zangu nitazitoa katika makosa yenyewe.

Tuanze na jibu A. Kwa nini mtoto mwenye akili huchagua "old than"? Kwa sababu afikiri sawasawa kwa Kiswahili. Sisi husema, "Ngome ni kongwe," kisha twasema, "Ngome ni kongwe kuliko Nairobi." Neno "kongwe" halikubadilika hata kidogo, kazi yote ya kulinganisha imebebwa na "kuliko". Na neno hilo, tukilipasua, twakuta ni "ku-li-ko", yaani mahali ambapo kitu kipo. "Ali ni mrefu kuliko Juma" ni kama kusema, "Ali ni mrefu, hapo alipo Juma." Kiingereza hakifanyi hivyo. Chenyewe huligawa zigo mara mbili: sehemu moja hupachikwa kwenye neno la sifa, ambalo hugeuka kutoka "old" kuwa "older", na sehemu ya pili huchukuliwa na "than". Mwalimu akimwonyesha mtoto tofauti hii mara moja tu, kwa Kiswahili, mtoto hataisahau. Akimwambia "wrong" na kumpiga mstari mwekundu, atakosea tena kesho.

Jibu B, "more older than", ni kosa la yule aliyekwisha kujua kwamba jambo fulani lahitajika, akaliweka mara mbili. Kanuni ni kwamba maneno mafupi ya sifa huongezewa "-er", kama "tall, taller", na maneno marefu hutanguliwa na "more", kama "more expensive". Viwili havikai pamoja. Yako pia machache yasiyofuata kanuni, kama "good, better, best" na "bad, worse, worst", nayo hujifunzwa kwa moyo. Wala tusimcheke mwenye kurudia. Shakespeare mwenyewe, miaka zaidi ya 400 iliyopita, alirudia hivyo katika tamthilia ya Julius Caesar, ile ambayo Mwalimu Nyerere aliitolea tafsiri ya Kiswahili mwaka 1963. Zama zile haikuwa aibu. Siku hizi mtahini hatakubali, hata ukimtajia Shakespeare.

Na sisi je? Twalo neno "afdhali". Tulilipata kwa Kiarabu, na huko lilikotoka umbo lake tayari lina maana ya "bora kuliko". Basi asemaye "afdhali zaidi" amelinganisha mara mbili bila kujua, wala hapana amlaumuye, maana neno limekwisha kuwa la Kiswahili. Nimelitaja kwa sababu litatufungulia mlango wa jibu D.

Jibu D ni "older to". Mtoto amelichukua wapi hilo "to"? Amelisikia ofisini kwa mjomba wake, katika maneno kama "He is senior to me." Sikio lake halikumdanganya, ila hakuambiwa sababu. Maneno "senior, junior, superior, inferior" na "prior" Waingereza waliyapata kutoka Kilatini, na huko yalikotoka yalikuwa tayari maneno ya kulinganisha, kama vile "afdhali" lilivyokuwa kwa Waarabu. Katika Kiingereza maneno hayo hufuatwa na "to", si "than". Neno "older" ni la Kiingereza chenyewe, kwa hiyo lataka "than". Ni kweli kwamba maofisini "more senior than" husikika, hata kwa Waingereza, lakini katika mtihani jibu la salama ni "senior to".

Kitenzi "prefer" nacho huenda na "to". Mfano mzuri tunao hapa hapa Mombasa. Mwaka 1928 palifanyika mkutano mjini mwetu wa kuamua ni lahaja gani iwe msingi wa Kiswahili cha kuandikwa shuleni na vitabuni. Kimvita, lugha ya Ndia Kuu na ya washairi wetu wakubwa, kilikuwa nyumbani. Hata hivyo Kiunguja ndicho kilichochaguliwa. Kwa Kiingereza twasema, "Kiunguja was preferred to Kimvita." Mwanafunzi wa Mji wa Kale akiandika "preferred than", atakuwa ameshindwa mara mbili kwa siku moja.

Basi, jibu la haki katika swali letu ni C, "older than". Tukitaka kutia nguvu, tusiseme "very older", kama tunavyoweza kusema "kongwe sana". Tuseme "much older" au "far older".

Sasa tuyatazame makosa ambayo hata makarani wazoefu huyafanya, kwa kuwa hayaonekani kwa haraka. La kwanza ni kulinganisha kitu na kisicho mwenzake. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Nairobi ilionekana kuwa na watu 4,397,073, na Mombasa watu 1,208,333. Mtu akiandika, "The population of Nairobi is larger than Mombasa," amelinganisha idadi ya watu na mji, kama mtu apimaye samaki kwa pishi ya mchele. Mtahini ataka "larger than that of Mombasa". Kiswahili chetu hapa hutusaidia sana, kwa maana hatusemi, "Idadi ya watu wa Nairobi ni kubwa kuliko Mombasa," tukaridhika. Aliye makini husema "kuliko ile ya Mombasa". Lile "ile ya" ndilo "that of", na vikiwa vitu vingi huwa "those of". Ukitaka kutaja mara ngapi, sema, "more than three times as large as that of Mombasa." Angalia kwamba "as" huja mara mbili, mbele na nyuma, ikishakuja ya kwanza, "than" hana nafasi tena.

La pili ni kukisahau kitu chenyewe ndani ya kundi lake. "Mombasa is larger than any town on the Kenya coast" ni sentensi yenye kasoro, kwa sababu Mombasa nayo ni mji wa pwani ya Kenya, wala haiwezi kuwa kubwa kuliko nafsi yake. Yatakiwa "any other town". Kwa Kiswahili twasema "mji mwingine wowote". Basi lile "mwingine" tulivushe nalo, tusiliache njiani.

La tatu ni wawili na watatu. Sisi husema "mkubwa kuliko wote", wawe wawili au wawe mia. Mwingereza hutenga: wakiwa wawili atasema "the older of the two", wakiwa watatu au zaidi, "the oldest of the three". Kwa hiyo kabla ya kuchagua jibu, hesabu kwanza.

La nne lawahusu wakulima hasa. Mtahini huuliza, "This year we have ____ goats," na kukupa "less" na "fewer". Waingereza wenyewe huyachanganya katika mazungumzo. Lakini Mswahili hana haja ya kuyachanganya, kwa sababu lugha yake imekwisha kumfundisha. Husemi "mbuzi kidogo" ukimaanisha idadi. Na ukisema "mbuzi wadogo", watu watadhani ni wana-mbuzi. Wasema "mbuzi wachache", na "maziwa kidogo". Basi panapokaa "-chache" weka "fewer", na panapokaa "kidogo" weka "less": "fewer goats", "less milk". Huyu mtoto aliyevishwa kibao shingoni alikuwa na ufunguo wa swali hili mfukoni mwake, nao ndio uliokatazwa.

La tano ni zito kuliko yote, maana laweza kumfikisha mtu mahakamani. Tazama sentensi hizi mbili: "The merchant trusts Salim more than me," na "The merchant trusts Salim more than I." Katika Kiingereza cha kuandika, ya kwanza husomwa kwamba tajiri amwamini Salim kuliko aniaminivyo mimi. Ya pili ni kwamba amwamini Salim kuliko nimwaminivyo mimi. Katika moja mnyonge ni mimi, katika nyingine mwenye shaka ni mimi, na tofauti ni kineno kimoja mwishoni. Sasa badala ya kuaminiana weka deni, au mshahara, au mpaka wa shamba, uone jinsi barua iliyoandikwa vibaya iwezavyo kumpa mtu haki isiyo yake au kumnyima iliyo yake. Wako wazee wengi wasiojua kusoma Kiingereza ambao huandikiwa barua zao na vijana. Mzee hutia dole gumba, akiamini kwamba alichosema ndicho kilichoandikwa. Kwa hiyo karani asiitegemee herufi moja. Aimalize sentensi: "more than he trusts me", au "more than I do". Katika mtihani utaulizwa uchague. Katika barua usimwachie msomaji achague.

Haya ndiyo yanayonifanya nisikubaliane na wale wazee wa kibao. Makosa mengi ya watoto wetu si ya uzembe. Yametoka katika lugha yao yenye kanuni zake, na marekebisho yake mengi yamo humo humo: "ile ya", "mwingine", "wachache" na "kidogo". Mwalimu ajuaye lugha zote mbili na aruhusuye zote mbili ataokoa muda mwingi. Wazazi nao waweza kusaidia nyumbani hata kama Kiingereza chao ni haba, kwa kumwuliza mtoto, "Sentensi hii yasemaje kwa Kiswahili? Na ni vitu gani viwili vinavyolinganishwa?" Mtoto akiweza kuvitaja vile viwili, amekwisha kulipata nusu ya jibu.

Kwa wapendao kujijaribu, haya hapa maswali matano. Yajibuni kabla ya kutazama chini.

1. "Of the two harbours, Kilindini is the ____." (deep, deeper, deepest, more deep)

2. "My grandfather prefers coffee ____ tea." (than, to, from, over than)

3. "The streets of Old Town are narrower than ____ of Nairobi." (that, those, these, the)

4. "The more you practise, the ____ mistakes you make." (less, few, fewer, fewest)

5. "This mango is as sweet ____ that one." (than, as, like, to)

Majibu ni haya. La kwanza ni "deeper", kwa kuwa bandari ni mbili tu, ile ya Kale na ya Kilindini, ambayo jina lake lenyewe latuambia kuhusu kilindi chake. La pili ni "to". La tatu ni "those", kwa kuwa njia ni nyingi. La nne ni "fewer", kwa kuwa makosa huhesabika, na hii ndiyo njia ya Kiingereza ya kusema "kadiri uzidivyo kujizoeza, ndivyo makosa yapunguavyo." La tano ni "as".

Aliyepata yote matano na amsahihishie mwenzake. Aliyepata matatu au pungufu ayaandike upya kwa mkono wake, kila sentensi na tafsiri yake ya Kiswahili pembeni, kisha ajijaribu tena baada ya juma moja.