Ulipasuliwa Rovu, Una Mimba? Usinyamaze!

Wiki hii nimepata barua ya dada mmoja wa Sinza. Anasema: "Shikamoo anti. Miaka minne iliyopita nilipasuliwa rovu, nikaambiwa nimepona. Sasa nimeolewa na nina mimba ya miezi minne. Mume wangu nilimdanganya kovu la shingoni ni la jipu. Kliniki nako sijasema, maana nesi akiandika kwenye kadi, mume ataisoma. Kuna ubaya?"

Marahaba mdogo wangu. Ubaya upo, ila hujachelewa.

Kuna rovu la kukosa madini joto, na kuna la ugonjwa wa Graves, wenye jina la Robert Graves, daktari wa Ireland aliyeueleza mwaka 1835. Huo mwili unajigeuka wenyewe. Unatengeneza kingamwili zinazoichochea tezi ya shingo kupita kiasi. Moyo mbio, mikono inatetemeka, unakonda huku unakula, wengine macho yanatoka. Kama lako lilikuwa hivyo, nisikilize.

Daktari alikata tezi, kingamwili hakuzikata. Zinaweza kukaa kwenye damu miaka. Wewe huzisikii kwa sababu tezi haipo, lakini zinapita kwenye kondo la nyuma, na mtoto tezi anayo! Ikichochewa, moyo wake unaweza kupiga zaidi ya mara 160 kwa dakika, asikue vizuri, hata azaliwe kabla ya siku zake. Lakini usife kwa presha. Katika watoto 100 wa kina mama wenye Graves, wanaopatwa ni kama 1 hadi 5. Na akizaliwa nao akatibiwa, kingamwili za mama humtoka baada ya miezi michache.

Halafu vidonge. Aliyetolewa tezi yote humeza levothyroksini kila siku. Usithubutu kuacha! Miezi ya mwanzo ubongo wa mtoto unategemea homoni yako, ndiyo maana mara nyingi dozi huongezwa. Vile vidonge vya kuongeza damu usivimeze pamoja nayo, acha yapite masaa manne.

Na nyie mnaotumia kabimazoli, mwoneni daktari kabla ya kushika mimba. Miezi mitatu ya kwanza inaweza kumletea mtoto kilema. Ila msiache dawa kienyeji.

Mdogo wangu, kesho asubuhi panda daladala uende kliniki, useme wazi: "Nilipasuliwa tezi, naomba nipimwe homoni na kingamwili." Mumeo mwambie leo leo. Rovu si aibu. Akinuna, atanuna siku mbili yataisha. Mtoto aliye tumboni hana mdomo wa kujisemea, mdomo wake ni wewe.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!