PANGA MOJA LAWEZA KUMALIZA MIGOMBA YA KIJIJI

Ndugu wa Uvira, wa Kalundu, wa Kiliba na Sange, nanyi ndugu mlio katika machimbo ya Kamituga na Misisi, sikilizeni. Dhahabu hailiwi. Mchimbaji akiwa shimoni, mama watoto yuko shambani, na mara nyingi shamba hilo ni migomba. Migomba ikifa, fedha yote ya machimbo itaishia sokoni.

Adui yupo, jina lake mnyauko wa migomba, nao huletwa na bakteria. Mwaka 1968 wataalamu waliueleza Ethiopia, katika ensete, ndugu ya mgomba. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na mwaka huohuo Masisi, Kivu ya Kaskazini. Ukashuka Kivu ya Kusini. Mwaka 2010 ukathibitishwa Burundi, ng'ambo ya Ruzizi. Sisi tuko katikati.

Dalili zake ni hizi: majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati, na ukizipasua ndani zina rangi ya kutu. Ukikata shina, hutoka utomvu wa manjano.

Wako wanaosema ni uchawi, au sumu ya watu wa kabila jingine. Tunayakataa maneno hayo. Bakteria haiulizi kabila. Hubebwa na wadudu wanaotembelea maua, na machipukizi yanayotoka shamba lenye ugonjwa, na panga tunaloazimana bila kulisafisha. Jirani yetu si adui; panga chafu ndilo adui.

Dawa ya kunyunyiza inayoponya haipo, lakini kazi ya mikono ipo. Mkungu ukiisha kutoa ndizi, ondoeni lile ua linaloning'inia kwa kijiti chenye panda, si kwa panga. Chomeni panga motoni, au lisafisheni kwa maji ya javeli, kabla ya kugusa mgomba mwingine. Msipande chipukizi msilojua lilikotoka.

Zamani wakulima waliambiwa wang'oe shina zima pamoja na machipukizi yake yote. Wengi walikataa, nasi hatuwaiti wavivu: mtu atakula nini akingoja? Baadaye wachunguzi waliona kwamba bakteria haifiki katika kila chipukizi. Basi inafaa kukata mgomba mgonjwa peke yake, chini kabisa kwenye udongo, na kulipitia shamba tena na tena, bila kuchoka. Kazi hiyo maskini anaiweza.

Lakini mtu mmoja haiwezi. Ukisafisha shamba lako na jirani akalala, wadudu watavuka mpaka.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili. Wakubwa watume mamonagri vijijini, wafundishe kwa mikono shambani. Kumtoza faini mama aliyepoteza migomba si kilimo. Nasi wenyewe, kila mtaa uchague siku moja ya juma, watu wote waingie mashambani pamoja.

Ndugu mchimbaji, ukirudi nyumbani likizo, usiulize chakula kwanza. Uliza panga limechomwa?