Likizo ya Mtoto na Nafasi ya Mzee

Kila skuli zinapofungwa, wazee wengi wa Unguja na Pemba hujikuta mbele ya swali lile lile: watoto washughulishwe na nini? Jawabu lililozoeleka limekuwa jepesi mno. Mwenye uwezo humwandikisha mwanawe tuisheni ya asubuhi na jioni. Asiyekuwa nao humwacha barazani. Na wote wawili, siku hizi, humkabidhi simu ili apate kutulia. Likizo humalizika, na mtoto hurejea darasani hana la kuwahadithia wenzake.

Hatusemi haya kwa kuibeza tuisheni. Mitihani ipo na haina budi kufanywa. Lakini muulize mtu mzima yeyote wa visiwa hivi habari za utoto wake, hatakutajia hesabu alizofunzwa wakati wa likizo. Atakueleza bamvua: jinsi alivyofuatana na bibi yake pwani, maji yamekupwa mbali, kila mmoja na kikapu chake, akaoneshwa tundu la pweza na namna ya kulitambua kwa makombe yaliyotupwa mlangoni, akaonywa wapi asikanyage, akafunzwa kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na baina yake ni maji mafu. Elimu hiyo haimo katika daftari, na hakuna ada iliyolipwa. Kilichotolewa ni asubuhi moja ya mtu mzima.

Mjini nako hakukosekani kitu. Mwaka 2020, tarehe 25 Disemba, sehemu kubwa ya Beit-el-Ajaib ilianguka pamoja na mnara wake wa saa, baada ya jengo hilo kusimama tangu mwaka 1883. Mtoto aliyewahi kuketi Forodhani na baba yake, wakala muhogo na mishikaki huku wakishindana kuisoma saa ile, angali nao mnara huo. Ng'ambo ya maji, kisiwani Changuu, wako kobe wakubwa ambao asili yao ni Ushelisheli. Wageni huvuka bahari kuu kwenda kuwatazama, na wapo watoto wa Mji Mkongwe wasiopata kuwaona. Na kila mwezi wa Julai Makunduchi husherehekea Mwaka Kogwa, wanaume wakipigana kwa mabua ya migomba na kibanda cha makuti kikichomwa moto. Mgeni hukaribishwa huko kwa moyo mkunjufu. Mtoto wa mjini apelekwe akaukohoe moshi wenyewe, si kuutazama katika picha za simu ya jirani.

Wazee watasema: nafasi iko wapi? Udhuru huu una ukweli ndani yake, na hapa tunawageukia wakuu wa idara. Mtumishi anayepewa likizo yake ya mwaka wakati watoto wamo madarasani, na kukatazwa wanapokuwa nyumbani, amepewa mapumziko yasiyomfaa mwanawe. Ofisi haiwezi kufungwa kwa ajili hiyo, hilo twalijua. Lakini zamu zinaweza kupangwa mapema, na mwenye watoto wadogo akatangulizwa.

Jambo la pili ni zito zaidi. Pwani tunayowaambia wazee wawapeleke watoto wao lazima ifikike. Kwa sheria ya mwaka 1992 ardhi ya visiwa hivi ni mali ya umma, na mwekezaji hupangishwa tu. Hatuna ugomvi na hoteli. Zimewapa vijana wetu ajira. Ila ukuta unapoikata njia ambayo wanakijiji wameipita miaka nenda miaka rudi wakienda kuchokoa pweza, kilichokatwa si njia peke yake. Bibi mwenye kikapu hawezi kuzunguka masafa marefu juani akiwa na mjukuu wa miaka sita. Atabaki nyumbani, na mjukuu naye atabaki na simu.

Tunaomba kila mkataba wa ardhi ya ufukweni uitaje njia ya kijiji kwa upana wake, na wahusika waende wakaikague, si waisome tu katika karatasi. Wakati mzuri wa ukaguzi huo ni bamvua la kwanza baada ya skuli kufungwa, na mkaguzi mwenye watoto afuatane nao.